Filamu ya Kijerumani Aliyonitafsiria Binti Yangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, Mkongomani wa Lubumbashi. Nasuka nywele hapa mjini Johannesburg na tunaishi Bellevue. Mume wangu ni mlinzi. Tuna binti mmoja wa miaka kumi na tano, amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kukujibu ni Kiingereza tu, mpaka umkazie macho.

Tangu mwaka huu wa 2018 uanze, baba yake hana amani. Mtoto wa jirani aliingia kwenye nyaope, dawa za kulevya za huku, na binti yetu naye akaanza kujifungia chumbani, akanyoa nywele, akaacha kwaya. Mume wangu akasema, "Huyu mutoto anatupotea. Apande bus, aende kwa dada yangu Lubumbashi, kule atanyooka." Wengi wetu hapa tunafanya hivyo. Mtoto akishakuwa wa huku mno, anarudishwa nyumbani, tena anaambiwa ni likizo, anaenda kusalimia tu. Tukakubaliana asijue. Moyo wangu haukutaka, lakini nilinyamaza.

Sasa, shuleni kwao wanasoma Kijerumani, na mwalimu huwaonyesha filamu za huko Jumamosi mchana, wazazi wanakaribishwa. Binti akanibembeleza niende. Nilishangaa, maana siku hizi hata sokoni hataki kuongozana nami. Filamu zenyewe, jamani, ni za watoto wa rika lake na wazazi waliovurugana. Wajerumani wanatengeneza magari mazuri vile, kumbe majumbani mwao hawasemezani! Maandishi ya Kiingereza yalipita chini mbiombio, na Kiingereza changu ni cha saluni. Basi binti akawa ananinong'oneza kwa Kiswahili, kama anavyonitafsiria kliniki na kwenye ofisi za vibali.

Katikati, msichana wa kwenye filamu alisimama jikoni akimlilia mama yake. Binti akaninong'oneza, "Anasema, nilisikia munataka kunituma kwa shangazi. Munasema ni likizo, lakini hamutanirudisha." Kisha akaongeza, "Anasema, papa simuchukii. Nakuchukia weye mama, sababu unajua na unanyamaza."

Machozi yalinitoka. Nilidhani ni Mungu ananisemesha. Nikasema, "Mama gani huyu hana roho?" Binti alitazama mbele tu mpaka filamu ikaisha.

Wiki iliyofuata, mama mmoja wa Kitanzania ambaye mwanawe anasoma darasa moja na wangu alikuja kusukwa. Naye alikuwepo siku ile. Akaniuliza, "Dada, mbona ulilia vile? Kwani pale kulikuwa na nini cha kuliza?"

Nikamwambia, "Si yule mutoto wanamupeleka kwa shangazi yake?"

"Shangazi yupi tena? Yule binti alikuwa anamgombeza mama yake kwa kuleta mwanamume mwingine ndani. Hakuna aliyepelekwa popote, dada yangu."

Nikauachia msuko niliokuwa nausuka. Kumbe mwanangu anajua kila kitu. Alikosa namna ya kuniambia, akayapitisha kwa yule Mjerumani. Na mimi kwa kinywa changu nikamjibu kwamba mama wa namna hiyo hana roho. Niliumia mno.

Basi la kwenda Lubumbashi linaondoka Jumamosi hii. Juzi nilichukua pasipoti ya binti nikaificha saluni, chini ya nywele za kusukia. Jana baba yake akaitafuta nyumba nzima, asiione. Akamgeukia mtoto, "Ni weye uliificha!" Akamnyang'anya simu, akamfungia chumbani mpaka aitoe. Binti hakujitetea. Alinitazama mimi. Nikageuka, nikaendelea kusonga bukari, ugali wetu.

Mume wangu si mtu mbaya. Anaogopa kumpoteza mtoto, hata mimi naogopa. Nikisema ni mimi, ataniona nimemsaliti, na binti akiharibika hapa, lawama zote ni zangu. Lakini ninavyoandika hivi yuko mle chumbani, amefungiwa kwa jambo nililofanya mimi, na mdomo wangu bado haujafunguka. Ninyi mnaolea watoto ugenini, nishaurini kabla ya Jumamosi. Naanzaje kusema?