Otilia anataka mkate wake uliwe

Saa tatu asubuhi, jua la mtaa wa Izia, mjini Sumbawanga, bado halijapata nguvu. Otilia Sikazwe, amevaa masweta mawili na kitenge kiunoni, amepiga magoti jikoni kwake mbele ya beseni lililofungwa blanketi. Anafunua pembe moja, anabonyeza kwa kidole, anafunika tena. Kisha anasonya.

"Bado," anasema. "Mtu wa Dar es Salaam anakanda, anaosha vyombo, akigeuka unga umeshajaa beseni. Mimi hapa naubembeleza tangu saa kumi na mbili, kama nimelaza mtoto mchanga."

Ndani ya beseni kuna kilo mbili za unga wa ngano, mayai kumi na mawili, siagi, maziwa, sukari, iliki na hamira. Ukishaumuka, Otilia ataukata mapande sita, atayavuta marefu, atayasuka kama nywele na kuyaunganisha yawe duara lenye upana wa sinia. Juu yake atabandika njiwa wawili, maua na masuke ya ulezi, vyote vya unga uleule.

Huo ndio mkate wa kusuka. Kwa miaka tisa sasa, mama huyu wa miaka 48 anauoka nyumbani kwa ajili ya harusi, kipaimara na komunio ya kwanza. Mjini Sumbawanga wanaomfahamu humwita Mama Meshack wa mikate. Wengine humwita Mama Keki, na hao ndio wanaomuudhi kuanzia asubuhi.

"Keki wapi? Huu una hamira. Unakandwa nusu saa mpaka mabega yanauma," anasema. "Halafu mtu anakupigia simu: Mama, naomba uniwekee na ile krimu ya rangi ya waridi. Nikimwambia huu hauwekwi krimu, ananiuliza kama kweli mimi ni mtaalamu."

Kabla hajamaliza, jirani yake Mwantum anaingia. Ana duka la vyakula mtaa wa Mazwi na ndiye anayemletea hamira. Anasalimia, anakwenda moja kwa moja kwenye beseni na kushika blanketi.

"Mama Meshack, umeumuka?"

"Mwantum, acha! Ukifunua baridi inaingia!"

"Nachungulia tu, shoga."

"Kila mtu hapa anachungulia tu. Baba Meshack kachungulia. Mwandishi kachungulia. Huu unga ungekuwa mtu ungeshahama."

Mwantum anacheka na kurudisha blanketi. Otilia hacheki. Anasogeza beseni karibu na tanuri la matofali ambalo mumewe Zenon, fundi uashi, alimjengea nyuma ya nyumba, kisha anarudi kukaa kwenye kigoda.

Baridi, hata hivyo, ameizoea. Ambacho hajakizoea, anasema, ni kinachoupata mkate wake ukishatoka mlangoni.

Mwaka jana alikwenda Mazwi kwa Debora, mteja wake wa zamani, kumpa pole ya msiba. Alipoingia sebuleni aliona kitu cha mviringo kinang'aa ukutani, juu ya televisheni, kimeshikiliwa kwa misumari miwili. Alidhani ni fremu ya kioo. Aliposogea akaona masuke ya ulezi.

Ulikuwa mkate aliouoka miaka miwili kabla ya hapo, kwa ajili ya kipaimara cha Calvin, mtoto wa Debora.

"Kaupaka vanishi," Otilia anasema, na sauti yake inapanda kana kwamba jambo hilo limetokea jana. "Vanishi ya vitanda! Ananiambia kwa furaha, Mama Meshack, fundi seremala alinipakia bure, kila mgeni anausifia. Nimekwenda kwenye msiba, nitasema nini? Nikasema asante. Lakini nilitaka kulia."

Debora si peke yake. Kuna bwana mmoja aliyeweka wake ndani ya mfuko wa nailoni, akaufungia kabatini, kisha akampigia simu Otilia kulalamika kwamba mkate umetoa ukungu.

"Nikamuuliza, ulinunua lini? Akasema Krismasi. Tulikuwa mwezi wa nne."

Kwa hesabu yake, kati ya mikate kumi anayouza, inayoliwa haifiki minne. Mingine huishia juu ya makabati, hukauka na kuliwa na mende. Anauza mmoja kwa shilingi 45,000, na katika mwezi mzuri hupata oda nne au tano. Januari na Februari, watu wakiwa mashambani, anaweza asipate hata moja.

Ukimwambia kwamba maadamu analipwa, haijalishi mnunuzi anaufanyia nini, Otilia anakukazia macho.

"Inajalisha," anasema. Halafu anaanza kueleza kuhusu mama yake.

Otilia alizaliwa katika familia ya wakulima wa mahindi na ulezi, kijiji kimoja nje ya mji. Akiwa na miaka 25 alipata kazi jikoni katika nyumba ya masista, akakaa huko miaka kumi na mmoja. Mpishi mkuu alikuwa Sista Bertilla, Mfipa aliyejifunza kuoka akiwa masomoni ng'ambo. Ndiye aliyemfundisha kusuka.

"Sista alikuwa mkali. Ukileta kisu mezani anakunyang'anya. Alisema mkate huu umesukwa ili watu wauvute kwa mikono, kila mtu aondoke na kipande chake, na ukiuvuta lazima mwenzako ashike upande wa pili."

Mwaka 2014 mama yake aliugua tumbo. Chakula kikawa hakishuki. Ugali hapana, uji hapana. Siku moja Otilia alifunga kipande cha mkate wa masista kwenye kanga, akakipeleka nyumbani na kukiloweka kwenye chai ya maziwa. Mama alikula chote, akaomba kingine.

Otilia aliacha kazi ili amuuguze. Zenon akajenga tanuri. Kwa miezi mitano aliyobakiza duniani, karibu kila alichokula mama huyo kilikuwa mkate huo.

"Ulikuwa hauna ndege wala maua. Nilikuwa nasuka haraka haraka tu, naoka, nampa," anasema. "Mara ya mwisho alikula kipande kama hiki." Anaonyesha ncha ya kidole gumba. "Sasa mtu akija na vanishi, nimueleze nini?"

Saa tano unga unakubali. Otilia anaukanda tena, anaukata na kuanza kusuka, na hapo manung'uniko yote yanakatika. Vidole vyake vinapishana upesi, havingoji macho. Anachonga mabawa ya njiwa kwa mkasi wa kushonea. Kila punje ya ulezi anaiviringisha peke yake. Saa nane mkate unatoka tanurini ukiwa na rangi ya asali, na jikoni kote kunanukia siagi na iliki.

Safari hii ni oda ya Angela, muuguzi, ambaye wazazi wake, Mzee Yonas na Bibi Monika, wanatimiza miaka hamsini ya ndoa kesho yake, Jumamosi.

Saa tisa Angela mwenyewe anafika, ameshika futi ya fundi cherehani. Anautazama mkate, anashika mashavu kwa furaha, kisha anaanza kuupima.

"Unapima nini, mwanangu?" Otilia anauliza.

"Sanduku, mama. Nimetengenezesha sanduku la kioo. Nataka kuhakikisha utaingia."

Otilia anaweka chini kitambaa alichokuwa amekishika.

"La kuubebea?"

"La kuuhifadhi. Ukae pale sebuleni kwa wazazi, iwe kumbukumbu."

"Angela. Wazazi wako wataula saa ngapi?"

"Hawataula, mama. Kuna pilau, kuna kuku. Huu ni mzuri mno kuliwa."

"Basi ungeniambia nikufinyangie wa udongo! Ningekuuzia nusu bei na usingeoza!"

Angela anacheka, akidhani ni utani. Anamalizia kupima na kuondoka. Otilia anabaki amesimama katikati ya jikoni.

"Umesikia?" anamuuliza Zenon, aliyeketi kizingitini akikwangua mwiko wake wa uashi. "Mzuri mno kuliwa!"

"Si wamelipa?" Zenon anajibu.

Otilia anasonya kwa mara ambayo tumeshapoteza idadi yake.

Jumamosi, baada ya misa, sherehe inafanyika uani kwa wazee hao. Maturubai yamefungwa, muziki unapigwa. Juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cheupe limewekwa sanduku la kioo, na ndani yake mkate wa Otilia. Watu wanapita wakiutazama kwa mikono nyuma. Otilia amekaa safu ya tatu, amekunja uso.

Zamu ya zawadi inapofika, mshereheshaji anatangaza kwamba familia inawakabidhi wazazi kumbukumbu ya kudumu. Angela na nduguze wanalibeba sanduku mpaka mbele ya wazee hao. Makofi yanapigwa. Mshereheshaji anamwona Otilia, anamwita ainuke asalimie.

Otilia anainuka, anakwenda mbele na kuchukua kipaza sauti, kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba.

"Shikamooni wazee wangu," anasema. "Mimi ndiye niliyeoka. Naomba niseme moja tu. Huu ni mkate. Una mayai, una maziwa. Nimeuoka jana, leo ni laini, keshokutwa utakuwa mgumu. Naomba sana muule."

Watu wanacheka. Angela anasogea, anamnong'oneza, "Mama Meshack, tafadhali, usiniharibie shughuli," na kumwashiria mshereheshaji aongeze muziki.

Lakini Bibi Monika, ambaye masikio yake yamepungua nguvu, ameinama kwa mjukuu wake kumuuliza kwa Kifipa mwanamke yule amesema nini. Anatafsiriwa. Anauliza tena: kile ndani ya kioo ni mkate kweli? Anaambiwa ndiyo. Anainua mkono, na muziki unazimwa.

"Miaka hamsini nampikia huyu mzee," anasema polepole, kwa Kiswahili, ili wote waelewe. "Asubuhi, jioni. Leo mimi nimepikiwa. Mnanifungia kwenye kioo?"

Mzee Yonas anafungua kifuniko cha sanduku, anaingiza mkono na kumvunja njiwa mmoja bawa. Anampa mkewe. Bibi anatafuna, taratibu, amefumba macho.

"Ni laini," anasema. "Yonas, shika huku, vuta."

Wazee hao wanavuta, kila mmoja upande wake, na msuko unaachia. Baada ya hapo hakuna aliyesubiri kuitwa. Wajukuu, mashemeji, wanakwaya, hata mshereheshaji na kipaza sauti chake kwapani, wote mikono ndani. Dakika tano hazikutimia.

Otilia alikuwa amesimama palepale, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Alikuwa hajawahi kuona mkate wake mkubwa ukiliwa wote mbele ya macho yake. Wateja huuchukua nyumbani kwake, naye huachwa akibahatisha.

Angela naye alikuwa analia, kwa sababu nyingine. Mpigapicha alikuwa amepata picha mbili tu, na moja imetoka na mgongo wa mtu. Aliondoka mezani bila kumuaga Otilia.

Siku nne baadaye, Jumatano, Angela alibisha hodi Izia. Hakuwa na tabasamu.

"Mama hali kitu asubuhi," alisema. "Anasema anataka ule mkate na chai. Tumemnunulia wa dukani, kaurudisha."

"Anataka wenye njiwa?" Otilia aliuliza.

"Hataki. Anasema njiwa wanakuchelewesha."

Otilia anapolisimulia hilo ndipo kwa mara ya kwanza anacheka, kicheko cha kumkalisha chini. Tangu wiki hiyo, kila Jumamosi Bibi Monika anapelekewa mkate wake, msuko mdogo wa nyuzi tatu, mtupu. Angela huufuata mwenyewe. Wanasalimiana vizuri, ingawa bado hajasema kwamba Otilia alikuwa sahihi, na Otilia anasema hangoji aambiwe.

Usidhani karaha imekwisha. Habari za sherehe ile zimesambaa, na sasa wapo wanaomwona ni mkorofi. Amejiwekea sharti: anayetaka mkate wa maua ni lazima amwalike, na uvunjwe akiwepo. Wateja wawili wameshaondoka. Mmoja alimwambia kwamba hata anayeuza kitanda hafuatilii nani anakilalia.

"Nikamwambia, nenda kanunue kitanda," anasema.

Mpango wake ni kuacha kutegemea sherehe. Anataka tanuri la pili, kubwa, nyuma ya duka la Mwantum kule Mazwi, aoke misuko midogo ya shilingi elfu moja na kuiuza Jumapili. Mwantum ameshakubali, unga atamtolea dukani. Kilichokwama ni fundi. Zenon ana nyumba tatu za watu anazojenga, na kila wiki anasema ya mkewe ni wiki ijayo.

"Nimeolewa na fundi, nasubiri foleni kama mteja," Otilia anasema, akimtupia jicho mumewe. "Nimempa mpaka mwezi wa kumi. Akishindwa, nachanganya udongo mwenyewe."

Zenon anatikisa kichwa na kusema matofali yapo, atajenga.

"Nitakaa pale karibu na kanisa na ungo wangu," Otilia anaendelea, kama hajamsikia. "Watu watoke misa ya kwanza wana njaa, wanunue, wale wakitembea. Sitaki sifa. Nataka niwaone wanavyokwenda zao, mdomo umejaa, na chembe za mkate zimewamwagikia kwenye nguo za Jumapili."