Shimo la Kidole Gumba Mguuni mwa Igoki

Nakumbuka siku moja mama mkwe wangu aliingia nyumbani kwangu bila kubisha, akaketi kwenye kigoda, akamtazama mtoto wangu na mimi hata hakunisalimu. Mwanangu, hapo nilijua kuna jambo, kwa sababu yule mama alikuwa mtu wa salamu ndefu. Angekuuliza hata habari za kuku. Lakini nimekimbia mbele, wacha nirudi nyuma kidogo.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari mkoloni alipopigana na Mau Mau. Serikali ilikuwa imetutoa mashambani mwetu, huku Embu, upande wa Manyatta, ikatupanga katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote na lango moja tu. Asubuhi sisi wanawake tulichimba handaki kwa lazima. Alasiri lango lilifunguliwa kwa saa chache, ukimbie shambani, uchume unachoweza, urudi kabla filimbi haijalia. Mume wangu alikuwa kizuizini, sikujua wapi. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, Igoki. Tulimpa jina la mama mkwe wangu, maana kwetu Embu binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama yake baba. Mama mkwe mwenyewe aliwekwa kijiji kingine, ng'ambo ya mto, na hakuweza kuja kwetu mpaka apewe kibali.

Sasa, mke wa mkubwa wa homugadi, wale askari wenyeji waliomtumikia mkoloni na kulinda kijiji, alikuwa na mtoto wa rika la Igoki. Yule mtoto alikunywa chai ya sukari na kula mkate mweupe wa dukani, sisi tukimwangalia. Niliona wivu, sikufichi. Nikajiambia wangu naye hatalishwa majani kama mbuzi. Maharagwe yangu na mayai ya kuku wangu wawili nikawa napeleka kwenye duka la langoni, napewa sukari, mkate na unga mweupe. Nikamwachisha Igoki ziwa, uji wa wimbi nao nikautupilia mbali. Asubuhi chai, mchana chai na mkate, jioni uji mweupe mwepesi wenye sukari tele. Na mimi chakula changu kilikuwa hicho hicho. Ile chai tamu ilinituliza nilipomkumbuka mume wangu, na mlango niliufunga kwa sababu sikutaka maswali ya majirani.

Basi Igoki akanenepa. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa. Katika kijiji ambacho watoto walikuwa mbavu tupu, wangu alikuwa mviringo kama malenge. Wanawake kule handakini wakanisifu, nami kichwa kikavimba. Kwamba alikuwa hachezi tena, hataki kushikwa, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu nyekundu, hayo niliyaita maringo ya mtoto aliyeshiba. Nilikuwa mjinga, mwanangu, na ujinga wangu ulinifurahisha.

Sasa turudi kwenye kile kigoda. Mama mkwe alimvuta mtoto, akaushika mguu wake, akaukandamiza kwa kidole gumba, hapa juu ya unyayo. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Akangoja. Nami nikangoja. Shimo halikujaa.

“Huyu hajanenepa,” akasema. “Amejaa maji. Anakufa.”

Nikaanza kujieleza, kwamba najinyima, kwamba mkate si rahisi kuupata. Alinikatiza, wala hakupaza sauti.

“Mtoto huyu anaitwa jina la nani?”

“Lako, mama.”

“Basi ni mimi unayeniua. Niambie nimekukosea nini.”

Nililia. Hakunibembeleza. Nilipomaliza, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu mume wangu achukuliwe: mimi mwenyewe nimekula nini leo. Nikamwonyesha kikombe cha chai.

Tulimbeba mtoto mpaka kwa dresa, yule msaidizi wa daktari wa zahanati. Akatupa maziwa ya unga, akasema apewe kidogo kidogo mara nyingi, na turudi kila siku amwone. Kisha mama mkwe akafunga kitambaa mkononi, akashuka kwenye ukingo wa handaki na kuchuma thabai, ule mmea unaowasha. Ukingo huo nilikuwa nimeuchimba kwa mikono yangu na sikuwahi kuona mboga pale. Akaipika na maharagwe, akaponda mpaka ikawa laini. Kabla kibali chake hakijaisha, aliufungua mlango wangu, akamwita jirani yangu Marigu, akamwambia mbele yangu kwamba hawa wawili wasile peke yao tena. Niliona aibu ya kutaka kufukiwa.

Kuanzia hapo mimi na Marigu tukapika chungu kimoja, mlangoni, juani, leo maharagwe yake, kesho mayai yangu. Hapo ndipo nilipoanza kumzungumzia mume wangu, na usingizi ukanirudia. Maji yalimtoka Igoki akabaki mwembamba, nikashikwa na hofu, Marigu akacheka akasema sasa ndiyo tunamwona mwenyewe. Majuma yakapita. Halafu asubuhi moja Igoki alimnyang'anya mtoto wa Marigu kipande cha nduma, akakimbia nacho. Nilikaa chini nikamshukuru Mungu kwa ule wizi.

Igoki huyo ndiye mama yako. Na siku uliyoniletea mtoto wako, nikamshika mguu, ukadhani namchekesha. Nilikuwa natafuta shimo.

Kwa hiyo nisikie. Soda na biskuti siku ya sherehe, sawa, lakini usimlishe mtoto ili majirani wamsifu. Mpe maharagwe, yai, wimbi, na mboga inayoota nyuma ya jikoni yako, hata kama hakuna anayeiuza. Utazame zaidi anavyocheza kuliko unavyotazama mashavu yake. Na wewe mwenyewe acha kula umesimama, simu mkononi. Keti, kula na mtu, fungua mlango, na ukiwa na huzuni usiifiche kwenye kikombe cha chai. Lala ukichoka. Mwili wako unayasikia yote hayo pamoja.

Sasa sogea nikutemee mate ya baraka kifuani, kama alivyonitemea mama mkwe siku Igoki alipopona. Mungu akupe nyumba yenye moshi wa kupikia na watu wa kula nao. Akupe miguu myepesi mpaka uzeeni. Na kwa kuwa wewe ni binti wa pili, na mama yako alikupa jina langu mimi mama yake, nakuomba neno moja tu: unilishe vizuri.