Chupa ya Maji ya Unguja

Mwasiti, muuza dagaa wa Ujiji, haamini kitu mpaka akione. Mwaka 1997 alikwenda Unguja kumtembelea dada yake aliyeolewa huko. Akazunguka mashamba ya karafuu, akapapasa milango ya nakshi, akakanyaga mchanga mweupe kama unga wa muhogo. Kisha akateka maji ya bahari kwa kiganja, akanywa, kama tunavyofanya ziwani. Akayatema papo hapo!

Aliporudi akatusimulia kuwa maji ya kule ni chumvi tupu, tukambishia. Akatoa chupa ya maji hayo aliyokuja nayo. Soko zima la dagaa la Kibirizi tukaonja, tukatema, tukacheka. Mama Sifa, aliyekimbia vita Kongo akavuka ziwa na wanawe kwa mtumbwi, hakucheka. Aliuliza, "Sasa watu wa kule wakikimbia, watoto watakunywa nini njiani?"