Riviera ya Kianjokoma

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini neno riviera naweza kukufundisha. Nilifundishwa na kijana yangu mkubwa, yule wa ofisini, mwenye nyumba huko mtaa wa Dallas, Embu taun. Alikuwa ameenda semina Mombasa siku nne, akarudi na miwani nyeusi na hilo neno limemjaa mdomo kama kiazi moto.

"Mama, riviera ni pwani ya matajiri," akaniambia. "Ni huko kwa wazungu. Watu wanaenda kulala kwa mchanga karibu na maji, wanaota jua."

"Wanalala mchana?"

"Ndio, mama."

"Ni wagonjwa?"

"Aii, mama! Ni wazima kabisa. Hiyo ndio raha. Siku hizi mahali popote pa maji pakipendeza, watu wanapaita riviera ya mahali fulani."

Nilicheka mpaka nikakalia ndoo. Mtu mzima ana miguu, ana mikono, jua limetoka, na yeye amelala chini! Sisi hapa Kianjokoma jua likitoka tunakimbia kuanika mahindi.

Lakini kicheko kiliisha aliposema riviera yake ataiweka kule chini kwa mto. Kwa mto ndiko kuna nduma zangu, zile watu wa pwani wanaita majimbi. Hilo shamba nilipewa na mama mkwe nikiwa bibi arusi, bendera yetu ikiwa bado mpya. Nduma ukiitoa, unakata kichwa unakirudisha kwa matope, inaota tena. Kwa hivyo ile ninakula leo ni ile ile ya huyo mama. Wageni wa mahari wakikuja, unawawekea nini na chai kama si nduma? Na huyo kijana mwenyewe alikula nini akienda shule? Riviera?

Baba yake akakohoa tu. Wanaume wakiona vita ya mama na mtoto wanajua kukohoa.

Nikasema, "Haya, chukua. Lakini siku ya kufungua, mgeni hata mmoja akilala kwa huo mchanga wako, shamba ni lako. Wasipolala, unanirudishia."

"Mama, utalia."

"Tutaona nani atalia."

Akaleta lori mbili za mchanga kutoka huko Gachoka. Akafyeka majani ya nduma, akamwaga mchanga juu. Juu! Hakung'oa hata kichwa kimoja. Amekula nduma miaka yote na hajui zinakaa wapi. Mimi nikaendelea kukamua ng'ombe.

Halafu siku ya kufungua akachagua Agosti. Ati kwa wazungu Agosti ndio riviera hujaa. Agosti, hapa kwetu chini ya msitu! Mwezi ambao ukungu unaingia mpaka kwa kikombe!

Wageni wakaja, watu wa ofisi, kila mmoja na jaketi, wengine na gambuti. Kibao kikubwa kimeandikwa RIVIERA, viti vya plastiki, miavuli ya rangi, na manyunyu yanashuka polepole. Mkubwa wake wa kazi, mama mmoja mnene, akavua viatu akakanyaga mchanga. Akasimama kwa mguu mmoja kama kuku.

"Woi! Hii ni barafu!"

"Mama, lala kidogo tu," kijana yangu akamwomba. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Kidogo tu, kwa picha."

"Nilale? Unataka kunizika?"

Basi huyo mkubwa akaangalia chini. Kando ya kiti chake majani ya nduma yalikuwa yametoboa mchanga, yamekunjika bado, kijani kabisa. Na pale, na pale, mstari wote, vile nilivyozipanda.

"Na hii ni nini?"

"Ni nduma," nikasema. "Ziko zingine za shamba la juu, nimechemsha. Kuja jikoni kuna moto."

Riviera yote ikapanda mlima ikaingia jikoni kwangu. Walikula sufuria mbili, moshi unawatoa machozi, na hakuna aliyeuliza habari ya pwani tena. Kijana yangu alikaa kwa kigoda karibu na mlango. Nikampa nduma kubwa. Akala.

Kesho yake alikuja na jembe bila kuitwa, akaanza kutoa mchanga juu ya nduma. Majirani wakasaidia na wilbaro, kwa sababu mchanga ni wa kupiga plasta, na nyumba tatu za huku zilipata plasta siku hiyo.

Mchanga kidogo ulibaki kando ya banda la kuku, na kile kibao ndicho mlango wa banda. Jua likitoka, kuku wangu wanalala hapo mchana kutwa, bawa moja juu, macho wamefunga. Kijana yangu akija kunisalimia, anapita hapo haraka haraka.

"Mama, kuku wamelala," aliniambia siku moja. "Hiyo hatuhesabu?"

Nikamwambia akanitolee nduma ya jioni, na asisahau kurudisha kichwa.