Smati Kahawia

Shemeji yangu mtarajiwa aliingia kwenye mgahawa wa watalii akiwa amejifunga lubega la kitenge cha shangazi yangu. Kitenge chenyewe kina picha za vifaranga.

Hakuwa amelewa. Hakuwa ameibiwa nguo. Mimi nilikuwa nyuma yake namwangalia.

Naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana kila nikiisimulia hii stori watu wanacheka hapo kwenye vifaranga halafu hawasikii yaliyobaki.

Naitwa Suzan. Kwetu ni Nemba, Biharamulo. Baba yangu ni Mzee Bulugu, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kabla sijazaliwa. Mama alifariki nikiwa shule ya msingi, nikalelewa na shangazi Rozina, dada yake baba. Sasa hivi nina duka la dawa za mifugo pale Biharamulo mjini.

Dukani ndiko nilikokutana na Elick. Ni mwalimu, kwao Ngara.

Alikuja kununua dawa ya kuku. Akarudi, dawa ya kuku. Akarudi tena. Nikamuuliza, mwalimu, hao kuku wako wana shida gani hasa?

Akasema hana kuku.

Jamani. Mwanaume ananunua dawa ya kuku asio nao ili akuone tu, wewe ungefanyaje? Nilimpenda. Sitaki kudanganya hapa, nilimpenda sana yule mtu.

Tatizo likawa kaka yake, Aristides. Anakaa Mwanza, ana shughuli zake na mambo yamemnyookea. Tangu baba yao afariki yeye ndiye baba wa familia. Bila Aristides hakuna posa.

Siku moja Elick akaja dukani, akaegemea kaunta.

"Kaka anataka kuwaona wazee wako kwanza. Tutakula chakula cha mchana pamoja, kwenye ile hoteli ya kitalii kando ya Ziwa Burigi. Akiridhika nao, analeta barua ya posa."

"Asiporidhika?"

"Suzan, tuombe Mungu tu."

"Asiridhike na nini sasa? Anawaoa wao?"

Akaangalia chini. "Anasema wafugaji hawana ustaarabu wa mezani."

Iliniuma. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa namtaka Elick, na mtu ukimtaka unameza vitu vingi tu.

"Halafu kasema kule kuna dresikodi," akaongeza. "Mzingatie."

"Dresikodi gani?"

"Mimi sijui. Wapigieni hoteli, watawaelekeza."

Akanipa namba, nikamtumia baba.

Sasa, kwa wasiojua kwetu: ukitaja dresikodi, swali linalofuata ni rangi. Harusi ina rangi yake, kipaimara kina rangi yake, hata msiba siku hizi una rangi. Baba akapanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi, ndiko mtandao unakopatikana, akapiga simu hoteli.

Shangazi alikuwepo, ndiye aliyenisimulia.

"Dresikodi yenu ni rangi gani?" baba akauliza.

Dada wa mapokezi akajibu kwamba ni smati kazuali. Yaani upendeze, lakini usijikaze sana.

"Smati kahawia?"

"Ndiyo mzee, kazuali."

"Wabeja," baba akashukuru, akashuka kwenye kichuguu.

Mimi kuja kuambiwa, fundi alishakata vitambaa. Baba kaunda suti ya kahawia. Shangazi na mimi magauni ya kitenge cha kahawia chenye vifaranga. Kitenge kilichobaki shangazi alikikunja vizuri kiwe zawadi ya mama yake Elick, Mama Véronique, kule Ngara.

Nikasema baba, kazuali si kahawia.

Akaniuliza, "Kwani kahawia imekatazwa?"

Nikaenda kujaribu gauni.

Siku ikafika. Tulikodi Noah ya jirani yetu Mashimba, akatuendesha mwenyewe. Njia nzima baba hakuegemea kiti, anaogopa kukunja shati. Shangazi alikuwa ameshanibana nikamweleza masharti ya Aristides. Baba sikumwambia. Sikutaka aende kule akijua anakwenda kupimwa.

Tulipofika, kitu cha kwanza tulichokutana nacho ni mzungu mmoja mnene, tumbo wazi, kavaa chupi ya kuogelea, anatembea na juisi.

Shangazi akanivuta mkono. "Ng'wanawane, mwanangu, na huyu dresikodi yake ni ipi?"

"Huyo yuko bwawani, shangazi."

"Basi na sisi tungeenda bwawani."

Mgahawa uko juu, unapanda ngazi za mbao. Mlangoni kasimama kijana mmoja, glovu nyeupe, kibandiko cha jina kifuani: Emilian. Pembeni yake kuna ubao wenye maandishi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Emilian akamwangalia baba kola, suruali, viatu.

"Mmependeza sana. Karibuni."

Nilishusha pumzi mpaka shangazi akanigeukia. Nikajua tumevuka.

Hapo ndipo Aristides na Elick walipotokea kutoka maegesho. Elick kavaa suruali na shati la mikono mirefu. Aristides kavaa kaptula yenye mifuko mingi, fulana na ndala. Na miwani ya jua, usisahau.

Alipomwona baba na kaunda suti yake, alisimama. Akamwangalia kuanzia kola mpaka viatu, akarudi kwenye kola. Nilidhani amependezwa.

Tukasalimiana vizuri. Akatangulia kuingia.

Emilian akanyoosha mkono mbele yake. "Samahani bosi. Kaptula hairuhusiwi."

Aristides akacheka. "Mimi niko mapumziko, kijana."

"Ndala pia haziruhusiwi, bosi."

"Unanijua mimi?"

"Nakujua. Wewe ni Bwana Aristides, ndiye uliyeweka meza."

Aristides akamvuta pembeni, wakanong'ona. Nilifikiri anampa chochote apite. Emilian akawa anatikisa kichwa tu. Akatikisa, akatikisa, mwisho akarudi kusimama palepale mlangoni.

Nikamtazama Elick aseme neno. Elick alikuwa anasoma menyu iliyobandikwa ukutani, kwa makini sana, utadhani atafanyiwa mtihani.

Aristides akarudi uso umebadilika. "Tuahirishe. Nguo nyingine sina, nimetoka kwa mama Ngara hivi hivi. Tutapanga siku nyingine."

Kila mtu pale alijua siku nyingine haipo. Mwanaume mwenye majivuno yake akitolewa mlangoni mbele ya watu aliokuja kuwapima, harudi tena. Nilisikia machozi yanakuja. Niliona ndoa yangu inashuka zile ngazi za mbao na ndala miguuni.

Baba muda wote huo alikuwa anasoma ubao. Anasoma taratibu, na kidole.

"Kijana," akamwita Emilian. "Hapa mmeandika vazi nadhifu au vazi la asili."

"Ndiyo mzee."

"Lubega ni vazi la asili?"

Emilian akafikiri. "Ni la asili, mzee."

"Rozina, toa kile kitenge."

Shangazi akakitoa kwenye mkoba. Mpaka leo sijui alijizuiaje kucheka.

Baba akamsogelea Aristides, akamzungushia kitenge mwilini, akakipitisha kwapani, akafunga fundo begani. Alifanya kwa heshima kabisa, kama anamvalisha mwanawe. Aristides alikuwa amenyoosha mikono. Vifaranga vikamshuka mpaka kwenye ugoko.

"Bado miguu," Emilian akasema.

Nikashuka mbio kwa Mashimba. Mashimba alikuwa amevaa katambuga, vile viatu vya matairi. Akavivua bila kuuliza swali, akabaki pekupeku ndani ya Noah.

Emilian akaviangalia. "Katambuga ni viatu vya asili. Karibuni wote."

Ndivyo tulivyoingia.

Tukakaa, supu ikaletwa. Aristides mara ya kwanza alipoinama lubega likamponyoka, baba akalirudisha begani akamwelekeza, "Shika kwa mkono huu, kula kwa huu." Akashika. Mama mmoja wa kizungu akaja kuomba kupiga naye picha, akidhani ni chifu. Aristides akakubali. Shangazi akaingia kwenye picha kwa sababu walikuwa sare.

Ajabu ni kwamba alilegea. Alimuuliza baba habari za malisho, baba akamweleza, wakacheka pamoja. Baba hakumuuliza kwa nini amekuja na kaptula. Chakula kilikuwa kizuri ila kidogo, baba alikimaliza halafu akaendelea kusubiri kingine.

Kabla hatujainuka Aristides akasema, "Mzee Bulugu, barua nitaileta mwenyewe Nemba."

Nilimbana Elick mkono chini ya meza. Nilifurahi jamani. Nilishaanza kuhesabu wasimamizi.

Tukatoka. Emilian pale mlangoni, kwa adabu zake zote, akainama.

"Bosi, naomba radhi kwa usumbufu. Ila jana kwenye simu ulisema nisimamie dresikodi, nisimwonee mtu haya hata awe nani. Mimi tangu nianze kazi hapa sijawahi kumzuia mtu. Watu wanakula na kaptula kila siku. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Shangazi alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, akarudi.

"Alisema hivyo kwa nini?" shangazi akauliza.

Emilian masikini akajibu alichoulizwa. "Alisema kuna wageni wafugaji watakuja na shuka na katambuga, niwarudishe..."

Halafu akamtazama baba. Akamtazama Aristides na lubega lake na katambuga zake. Akafunga mdomo.

Baba akageukia ziwani. Nilimwona shingo. Nimeishi na baba miaka yote ile, sijawahi kuona shingo yake ikiwa hivyo. Alikuwa amekaa Noah njia nzima bila kuegemea.

Aristides akapiga magoti. Palepale kwenye mbao, watalii wanapita.

"Mzee, nimekosa. Nisamehe."

Baba akamgeukia. "Umekosa. Nimesikia. Inuka, utachafua kitenge cha mama yako. Mpelekee, umwambie kimetoka kwa Rozina."

Yakaisha. Kwa baba yaliisha pale, na sijamsikia akiyataja tena.

Mimi ndiye ambaye hayakuisha. Nilimgeukia Elick.

"Ulijua?"

"Suzan, si hapa."

"Nimekuuliza ulijua?"

"Nilikuwa naye garini wakati anapiga simu."

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambia nini? Unamjua kaka." Akashusha sauti. "Nilijua tu mtapendeza."

Nikamwangalia yule mwalimu wa dawa ya kuku. Tangu jana yake alikuwa na simu mkononi, na namba yangu anayo. Neno moja tu lilitosha: Suzan, mwambie mzee avae viatu. Hakulisema. Akaja, akapanda ngazi, akasoma menyu, akangoja kuona kama baba yangu atafukuzwa mlangoni.

Kama baba angekuja na shuka lake, akazuiwa pale mlangoni, Elick angeendelea kusoma menyu.

Jumapili iliyofuata Aristides alikuja Nemba na barua, kama alivyoahidi. Amevaa suti. Akamwamkia baba, akamwamkia shangazi, akaomba radhi upya mbele ya majirani. Nawaambia ukweli, siku ile nilimheshimu.

"Elick yuko wapi?" nikamuuliza.

Akaonyesha kwa kidole. Gari lilikuwa limesimama kule mwanzo wa shamba la mihogo, vioo vimepandishwa. Elick alikuwa ndani, anasubiri kaka yake aje amwambie imekuwaje.

Baba akaniambia, "Mwanangu, ukimtaka, mimi sina neno."

Nikaichukua ile barua, nikamrudishia Aristides kwa mikono miwili. Alilia yeye. Mimi nililia baadaye, na nililia sana.

Watu wengi waliniambia nimekosea. Eti mwenye kosa ni kaka mtu, na kaka mtu kaomba radhi, sasa huyu mwingine kafanya nini?

Ndiyo hivyo. Hajafanya kitu.

Dada zangu mnaosoma hapa, mtu akikutendea ubaya unamwona, mnagombana, anaomba radhi, maisha yanaendelea. Mimi na Aristides mpaka leo tunasalimiana. Ila anayejua unakwenda kuaibishwa, akanyamaza ili asimuudhi mtu wake, huyo hatakuja kukuomba radhi, kwa sababu haoni alichokosa. Na huyo ndiye ungeamka naye kila siku.

Angalieni nani ananyamaza.