Nota ya Mzee Ndahani

Nitakueleza taratibu, maana najua ni vigumu kuamini. Hata mimi nisingeamini kama ningehadithiwa. Lakini nilikuwepo, na wanakwaya wenzangu walikuwepo, hapa hapa Hombolo, Kwaresima iliyopita.

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa. Tulikuwa tunajifunza wimbo mrefu wa toba wa mtunzi wa zamani wa Ulaya, maneno ya Kilatini. Kwa kuwa wengi wetu tunasoma do-re-mi tu, niliunakili wote kwa do-re-mi kwenye madaftari, kwa mkono wangu. Mzee Ndahani, mkulima wa zabibu, aliimba besi. Kila tulipofika mahali pa kuomba rehema, alipandisha nota moja kidogo.

"Mzee, fuata daftari."

"Mwalimu, padri alitufundisha hivi nikiwa kijana."

"Basi kaimbe na padri wako!"

Vijana walicheka. Nikamvua joho, nikamtoa kwenye kwaya.

Kwetu mwanakwaya huzikwa na joho lake. Mzee alipofariki wiki mbili baadaye, mwanawe alikuja kuliomba. Nikamjibu kwamba marehemu hakuwa tena mwanakwaya. Akazikwa na shati. Sikufichi, ndivyo nilivyofanya.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa na mazoezi. Kabla ya wimbo wa toba huwa tunageukiana na kuombana msamaha. Siku hiyo nilisema tusipoteze muda, jua linazama. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa macho ya watu.

Tukaanza. Kwenye rehema, sauti nzito ikapandisha ile nota. Nikawasimamisha.

"Nani huyo?"

"Besi tuko watatu, mwalimu, na wote tumefuata daftari," akasema Chilongani.

"Njaa ya mfungo hiyo, mwalimu!" akadakia Neema wa soprano. Wakacheka.

Tukarudia. Safari hii niliwatazama midomo. Besi wote watatu wakanyamaza kwa hofu, lakini sauti ikaendelea. Mwisho wa benchi lao alikaa mtu ameinama, shati lake jeupe limejaa udongo mwekundu mabegani. Unadhani nilifanya nini? Nilisalimia, kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, mzee."

Akainua uso. Alikuwa yeye. Alinitazama kwa muda mrefu, wala hakuitikia. Neema akapiga yowe, watu wakakimbilia mlangoni. Nilipogeuka tena, benchi lilikuwa tupu, lina udongo tu.

Nyumbani nikafungua kitabu cha mtunzi nilichonakilia. Nota ilikuwa imepandishwa. Aliyekosea ni mimi, wakati wa kunakili.

Nilimwangukia miguuni mwana wa mzee, tukalifukia joho kaburini, nikasahihisha madaftari yote. Tunauimba vizuri sasa. Lakini tukifika kwenye rehema, mkono wangu wa kulia hufa ganzi, na besi huacha nafasi ya mtu mmoja mwisho wa benchi. Kila Jumapili napita kaburini, nasema shikamoo, nasimama pale nikisubiri. Bado kimya.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama kuna mkubwa wako uliyemkosea, usingoje Kwaresima. Mfuate leo, wakati bado anaweza kukuitikia marahaba.