Bundi wa Mchana

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, niliamini kwamba nimemuua babu yangu kwa kunyamaza. Sikumwambia mtu yeyote. Sisi tulikuwa Stechford, Birmingham, na Babu alikuwa Bungoma, lakini kwa akili yangu ya kitoto ushahidi ulikuwa umetimia: bundi alirudi, nikamwona, sikusema neno, na siku ya tatu Babu akafa. Leo nina miaka thelathini na mmoja. Mambo mengi ya utotoni mtu hukua akayaacha, ila hili lilikua pamoja nami.

Nyanya, mama yake Baba, alikuja kututembelea mwezi wa kumi na moja, majira ambayo mtu mwenye akili timamu hafungi safari ya Uingereza. Hakutaka kuja. Babu alikuwa na ugonjwa wa sukari, miguu ilikuwa imemvimba, na Nyanya hakupenda kumwachia shangazi kazi ya kumtunza. Ni Babu mwenyewe aliyemsukuma. "Nenda wewe ukaone, kisha uje unisimulie," alimwambia. "Usiache kitu."

Babu alikuwa mtu wa maswali. Kila Jumapili baada ya kanisa tulimpigia simu, na hata kabla ya salamu kuisha alikuwa ameshauliza kama theluji ina harufu, au kama kweli mbwa wa Wazungu hulala ndani ya nyumba. Nyanya alimjibu kwa uangalifu, kama shahidi mbele ya hakimu. Asichokijua alinituma mimi nikakipeleleze. Ndivyo nilivyojikuta asubuhi moja nimebandika pua kwenye kioo cha gari la jirani, nanusa barafu. Nilimwambia Babu kwamba inanuka chuma. Alifurahi kupita kiasi, akasema basi ni kama maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati.

Siku hizo nilikielewa Kiswahili lakini nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa huku. Nyanya aligeuka kiziwi kila nilipofanya hivyo, mpaka nitafute neno lake. Kufikia Krismasi nilikuwa nimeyapata mengi.

Sasa Baba na ndege wake. Baba alifanya kazi katika makao ya wazee kule Northfield, na mzee mmoja aliyekuwa akimhudumia, mikono ilipoanza kumtetemeka, alimpa darubini yake na kumwomba awe anakwenda kutazama kwa niaba yake. Baba akaenda mara moja kwa heshima ya mzee. Akarudi amebadilika. Wenzake kanisani walimcheka, wakamuuliza kama hao ndege huliwa, na walipoambiwa hutazamwa tu walimtikisia kichwa. Lakini kila Jumamosi ya baridi aliendesha gari mwendo wa saa moja unusu mpaka kwenye vinamasi vya pwani, pale mto Severn unapopanuka kuwa bahari. Huko kulikuwa na kikundi kidogo cha wastaafu chini ya Bwana Ken, mrefu, mwenye kofia ya sufu iliyotoboka. Mwafrika alikuwa Baba peke yake. Januari ile walimwomba kwa mara ya kwanza asaidie kuhesabu bata mwitu, naye alipiga pasi suruali ambayo ingezama matopeni.

Mama alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo mimi na Nyanya tukaenda na Baba. Nyanya alikubali kwa sababu aliahidiwa bahari. Alikuwa hajaiona maishani mwake ila kupitia dirisha la ndege, na Babu alikuwa ameshamwagizia maswali yake kuihusu.

Tulipofika, mbele yetu kulikuwa na tope la kijivu mpaka upeo wa macho.

"Bahari iko wapi?" Nyanya akauliza.

"Imekupwa, Mama. Itarudi saa nane."

"Kumbe bahari ya huku nayo huenda kazini."

Kikundi kilikuwa kimejipanga juu ya tuta, darubini zikiwa kwenye miguu mitatu, watu wamekunja mabega kwa baridi, hakuna anayesema. Nikamuuliza Baba wanangoja nini. Akaninong'oneza: kuna bundi anayewinda mchana, amekuja kutoka nchi za kaskazini kukimbia baridi kali, na wengine wako hapo tangu alfajiri kumngoja. Halafu akaniangalia machoni. "Nyanya usimwambie."

Alikuwa na sababu. Kwetu bundi akilia juu ya paa, hata watoto wanajua anakuja kumwita mtu. Aliyemwona wa kwanza hutoka na kijinga cha moto jikoni akamrushia, akimwamuru arudi alikotoka. Ukimnyamazia, umemfungulia mlango. Nyanya alikuwa amenisimulia hayo wiki ya kwanza tu, alipotafuta meko nyumbani kwetu asiyaone.

Na kweli nilikusudia kunyamaza. Lakini alipotokea, rangi ya nyasi kavu, mabawa marefu yasiyo na sauti, akipita chini chini juu ya majani kana kwamba ameangusha kitu na sasa anakitafuta, kiherehere kilinishinda.

"Nyanya, ona! Bundi!"

"Bundi? Mchana huu?"

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Nyanya alifungua mkoba, akatoa kiberiti alichobeba kila mahali kwa sababu hakuamini majiko yanayojiwasha yenyewe. Akainyakua karatasi mkononi mwa Bwana Ken, ile ya kuandikia hesabu ya bata, akaiwasha, akaipungia hewani huku akishuka tuta.

"Toka! Rudi kwenu! Hapa hakuna mtu wako!"

"Mama, please! Hawa watu wako hapa since asubuhi!"

Bundi akakata kona, akapotelea nyuma ya matete. Nyanya akaitupa karatasi iliyobaki, na Bwana Ken akaja akaikanyaga kwa buti lake kubwa. Nilimwona Baba akiangalia suruali yake iliyopigwa pasi, na nilitamani tope linimeze. Mdomo wangu ndio ulioponza kichwa chake. Alinigeukia akasema polepole, bila kufoka, "Siku nyingine ukiona kitu, nyamaza."

Bwana Ken hakukasirika. Aliniuliza ndege yule alimkosea nini nyanya yangu, nami nikamfasiria vile nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema babu yake mwenyewe alikuwa mchimba makaa ya mawe, si mbali na Birmingham. Wachimbaji wakielekea shimoni alfajiri, wakisikia ndege saba wakipiga mluzi gizani, waligeuka wote wakarudi nyumbani, kwa maana siku hiyo shimo lingeua mtu. Akatuonyesha kwa kidole sululu, ndege wa pwani, wakitembea topeni na midomo yao mirefu iliyopinda. Watu husema ndio hao, alisema.

"Muulize kama yeye anaamini," Nyanya akanituma.

Bwana Ken akafikiri. "Hapana," akasema. "Lakini huwa nawahesabu."

Nyanya alipofasiriwa hilo alimtazama yule mzee kwa mara ya kwanza kama mtu. "Kumbe na hawa wamelelewa," akasema.

Bwana Ken akampa Baba karatasi mpya, wakaondoka wote kuelekea upande wa pili kuhesabu. Mimi na Nyanya tukaachwa kwenye kibanda cha mbao chenye vidirisha vyembamba vya kutazamia. Nyanya alisema hajui kama karatasi inatosha badala ya kijinga.

"Mimi naomba," akaniambia. "Wewe chunga. Akirudi, usimtazame. Niite."

Akajifunika leso kichwani, akainama, midomo ikaanza kucheza.

Sijui zilipita dakika ngapi. Maji yalikuwa yameanza kurudi, mistari myembamba ikijaza mikunjo ya tope, na vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, wakisogea mbele yake hatua kwa hatua. Ndipo bundi akaja. Alipita mbele ya kidirisha, akasimama hewani, akaanguka majanini, akainuka na panya, akatua juu ya nguzo ya ua ambayo ningeweza kuipiga kwa jiwe. Akageuza uso wote, kama mtu anayeitwa jina, akaniangalia kwa macho ya manjano.

Nilifungua mdomo niite. Haki ya Mungu niliufungua. Lakini nilitaka kuona kama anatafuna. Lilikuwa ni hilo tu, swali la kijinga, na nilijua nikiita hatabaki wa kuniambia jibu. Pia nilikuwa nimeambiwa ninyamaze na Baba, na niite na Nyanya, na kati ya amri hizo mbili nilichagua ile niliyoipenda. Bundi hakutafuna. Alimeza panya mzima, mkia ukining'inia kidogo kabla ya kupotea. Akapepesa macho, akaruka. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini.

Nyanya akainua kichwa. "Amerudi?"

"Hapana."

Jumanne asubuhi simu ililia nikiwa nafunga viatu vya shule. Nyanya ndiye aliyeipokea. Aliketi sakafuni jikoni, na kabla ya kulia alisema, "Nilijua. Ni yule ndege." Kisha akaniangalia. Sitasahau alivyoniangalia. Nilielewa kwamba anajua nilidanganya, na kwamba kwa upendo wake hatanisema mbele ya wazazi wangu.

Baba alimsindikiza kwenda kuzika. Huku nyuma mimi nikawa mtoto anayepita kituo cha treni cha Stechford akiwa ameinamisha kichwa hata kwa njiwa. Baba aliporudi alinialika kwenye vinamasi, nikasema naumwa tumbo. Akanialika tena, nikasema hesabu za shule. Mwishowe alidhani nimechoshwa na ndege, akaacha, na najua ilimuuma. Jumapili simu za Bungoma ziliendelea, ila sasa hakuna aliyeuliza swali lolote la maana. Tulijuliana hali tu. Nilikuwa na jibu zuri kuliko yote niliyowahi kuyapata, la bundi asiyetafuna, na mtu pekee ambaye angelifurahia ndiye niliyekuwa nimemuua.

Nilipokua nilijua vizuri sukari hufanya nini kwa moyo na figo. Niliweza kumweleza mtu yeyote. Kujua huko kulikaa kichwani, na hatia ikakaa palepale ilipokuwa imezoea.

Baridi iliyopita magoti ya Baba yalimshinda kuendesha gari, akaniomba nimpeleke. Sikuwa na uongo mpya. Tukaenda. Tuta ni lile lile, kibanda kimepakwa rangi, Bwana Ken hayupo tena duniani. Bundi alitokea saa nane na nusu, rangi ya nyasi kavu. Sijui kama ni wa ukoo ule. Nilisimama kando ya baba yangu tukapokezana darubini ya mzee wa Northfield, na nikalia, nikasingizia upepo.

Jumapili nilimpigia Nyanya kwa video, shangazi akimshikia simu. Amepita miaka themanini, na macho yamemwingia ukungu. Nikamwambia tulikwenda na Baba kule kwenye bahari iliyoenda kazini. Akacheka. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za jirani:

"Bado anakula pale juu ya nguzo?"

Habari ya nguzo sikuwahi kumsimulia mtu.

"Nyanya, wewe ulikuwa unaomba. Ulikuwa umefumba macho."

"Nilifumba moja."

"Mbona hukumfukuza?"

"Babu yako angeniuliza kama anatafuna," akasema. "Nilitaka nikamwambie. Nikasema, akimaliza kula nitamfukuza. Akamaliza, akaenda." Akajifuta uso kwa leso. "Halafu simu ikaja. Ile asubuhi nilikuangalia, nikasema, huyu mtoto ameniona nikimtazama yule ndege, ndiyo maana akasema hapana. Anajua ni mimi niliyemfungulia mlango. Na wewe hukusema kwa wazazi wako, miaka yote hii. Nimekushukuru sana kwa hilo, mjukuu wangu."

Nilimwambia basi. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili changu chenye viraka. Alisikiliza, mdomo wazi. Miaka ishirini na miwili kila mmoja wetu alijiona ndiye muuaji, na kila mmoja akamwona mwenzake ndiye anayemsitiri. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi moja.

Sikumuuliza kama bado anaamini bundi huja kumwita mtu. Najua atakachojibu, na sina hoja ya kumshinda. Mimi mwenyewe nikimsikia mmoja usiku bado huangalia kama simu imechajiwa. Ninachokijua ni kidogo. Babu alimtuma mkewe akaone, asiache kitu, na mimi nilikuwa mjukuu wake kweli kweli. Pale kibandani hatukumsaliti. Macho matatu yalikuwa yanamkusanyia habari.

"Hakutafuna," nilimwambia Nyanya mwishowe. "Alimeza mzima."

"Hata mkia?"

"Hata mkia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayeweka kitu mahali pake. Kisha akamwambia shangazi amsogezee simu karibu zaidi.

"Ukienda tena unipigie ukiwa hukohuko," akasema. "Siku ile nilimwona kwa jicho moja tu."